Tasa

Machi, na ziwa Baikal bado ni sakafu.
Barafu ya mita moja imebeba lori, winchi, jiko la makaa,
imembeba na Zorigto, ambaye ndevu zake zimeganda
hata akicheka zinalia kama vigae kapuni.

Wamekata shimo la mraba, upana wa mlango.
Mvuke unapanda humo kama chungu kilichofunuliwa.
Kazi yake ni kuteremsha matufe ya kioo,
moja nyuma ya jingine kwenye kebo,
hadi kina cha kilomita na ushei
ambako giza halijawahi kukatizwa na asubuhi.
Kila tufe lina jicho. Jicho halina kope.

Wanangoja nyutrino,
chembe isiyo na chaji, na uzito wake haba hautajiki,
inayoipita dunia nzima kama mtu apitaye ukunguni:
inaingilia kusini, inatokea hapa, chini ya nyayo zake,
bila kulibishia hodi jiwe hata moja.
Katika mabilioni, moja hujikwaa.
Hapo hutoka mwanga wa buluu,
mfupi kuliko neno mwanga.

Zorigto hana digrii. Alikuwa fundi wa reli Slyudyanka.
"Mimi nafunga nati," husema. "Mbingu wafungue wao."

Dada yake Sesegma yuko Novosibirsk, ghorofa ya nne.
Hana winchi. Ana penseli, ana bomba la joto
linalogonga ukuta usiku kucha,
na miaka sita juu ya swali moja:
namba tasa, kadiri zinavyokua, huachana kwa umbali gani,
na zile pacha, kumi na moja na kumi na tatu,
arobaini na moja na arobaini na tatu,
je, kuna mahali pacha wa mwisho wanazaliwa?

Kwa Kiswahili tunaziita tasa.
Neno hilo limenikaa kooni.
Saba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe,
basi tukaiita kama tunavyomwita mwanamke
ambaye majirani wanamhesabia miezi.
Lakini kumi na tano ni mtoto wa nani,
kama si wa tatu na tano?
Hazina wazazi, hizo namba. Watoto wao hawana idadi.
Tungeziita yatima, ningenyamaza.

Sesegma ana miaka hamsini na mitatu. Hakuzaa.
Mama yake, huko Ust-Orda, aliacha kumuuliza
alipotimiza arobaini na saba.
Siku hizi huuliza, "Ile hesabu yako imefika wapi?"
kwa sauti ileile.

Februari alidhani amefika. Kurasa sitini na mbili.
Kisha mwanafunzi wake, Yelisey, kijana mwenye haya,
akaweka kidole kwenye ukurasa wa arobaini,
pale palipoandikwa *ni wazi kwamba*,
akauliza, "Samahani, ni wazi kwa nini?"
Akafungua mdomo amjibu.
Bomba likagonga mara tatu.

Jumamosi kaka anapiga simu kutoka kibandani.
"Mmeona?"
"Moja, Novemba. Au maji yenyewe yalituchezea,
yana mng'ao wao. Na wewe?"
"Ukurasa wa arobaini."
"Bado?"
"Bado."
Kitu kinanguruma kwenye simu, kirefu, kama mlango wa ghala.
"Nini hicho?"
"Ziwa linajinyoosha."

Halafu anamweleza habari za jana:
tufe la kumi lilipasuka likiwa njiani,
wakavuta kebo yote juu, saa tano, vidole havijisikii,
wakanywa chai ya maziwa yenye chumvi,
wakaanza tena na tufe la kwanza.
"Nani aliamua?" anauliza Sesegma.
"Hakuna. Chai iliisha tu."

Simu inakatika.
Sesegma anachukua kifutio, anafuta neno *wazi*,
anafuta na yanayolizunguka,
hadi karatasi inabaki na mraba mtupu
ambao, akiusogelea,
unampulizia baridi usoni.